Piano ya Bluzi Huanzia Mkono wa Kushoto: Mwongozo wa Kujifunza na Kufanya Mazoezi

Mtu anayetaka kupiga piano ya bluzi kwa kawaida huanza kwa kuitafuta skeli ya bluzi, yaani mfululizo wa noti zake, akaikariri kwa mkono wa kulia, kisha akawa anaipandisha na kuishusha akitumaini kwamba muziki utajitokeza wenyewe. Haujitokezi. Kinachosikika ni zoezi la vidole, kwa sababu skeli hiyo imetengwa na kitu kinachoipa maana, nacho ni mkono wa kushoto unaoshika mapigo bila kuyumba. Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti: mkono wa kushoto kwanza, mzunguko wa vipimo 12 uzoeleke mwilini, ndipo mkono wa kulia upewe nafasi ya kusema machache yaliyochaguliwa vizuri.

Mpangilio huo una asili yake katika historia. Piano ya bluzi ilikuzwa na Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wapigaji walizunguka katika kambi za wakata miti za Texas na Louisiana, ambako kwenye kibanda cha pombe palikuwa na piano moja iliyochakaa, pasipo ngoma, pasipo besi wala kipaza sauti, na watu waliotoka kazini walitaka kucheza. Mpigaji mmoja alilazimika kuwa bendi nzima. Walipohamia miji ya kaskazini, hasa Chicago, waliupeleka mtindo huo kwenye karamu za nyumbani, ambazo wapangaji waliziandaa kwa kiingilio ili wapate fedha za kulipia pango. Huko nako mahitaji yalikuwa yale yale: mdundo usikatike, hata mkono wa kulia ukinyamaza kabisa.

Kuhusu chombo, piano halisi ni bora, lakini kinanda cha umeme chenye vibonye 61 kinatosha kuanzia. Wengi wetu Afrika Mashariki tulianza kupiga kinanda kanisani, na vinanda hivyo vina mambo mawili yanayomdhuru mwanafunzi wa bluzi: midundo inayojipiga yenyewe, na kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaifanya msingi wake. Vyote viwili vizimwe. Mdundo wa mashine huufanyia mkono wa kushoto kazi yake, na kitufe cha kuhamisha ufunguo hukufanya ukae miaka mingi kwenye ufunguo mmoja ukidhani unaijua yote.

Mzunguko wa vipimo 12

Bluzi nyingi hujengwa juu ya mzunguko wa vipimo 12, kila kipimo kikiwa na mapigo manne, na kodi tatu tu zinahitajika, kodi ikiwa ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja: ya kwanza, ya nne na ya tano ya ufunguo. Katika ufunguo wa C, kodi hizo ni C, F na G, na kila moja huongezewa noti ya saba iliyoshushwa nusu toni, yaani hadi kibonye cha jirani, kiwe cheusi au cheupe. Kwa hiyo C7 ina C, E, G na B-flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni. F7 ina F, A, C na E-flati. G7 ina G, B, D na F. Vipimo vinne vya kwanza hukaa kwenye C7. Cha tano na cha sita huenda F7, cha saba na cha nane hurudi C7. Cha tisa ni G7, cha kumi ni F7, cha kumi na moja ni C7, na cha kumi na mbili ni G7 inayokurudisha mwanzo. Wapigaji wengi huingiza F7 katika kipimo cha pili pia, kisha hurudi C7 katika cha tatu. Ujifunze namna zote mbili, kwa maana utakutana nazo.

Aliyelelewa na tenzi za kanisani atahisi jambo geni hapa. Katika tenzi, kodi yenye saba iliyoshushwa haitulii, inadai kwenda mahali pengine, na C7 humvuta mpigaji aende F. Katika bluzi, C7 yenyewe ndiyo nyumbani. Wimbo unaanza juu yake na unaweza kuishia juu yake, na sikio linapaswa kuzoea kupumzika mahali ambapo zamani lilisubiri. Ikae hiyo kodi peke yake kwa muda, uipige polepole, uisikilize hadi iache kukusukuma.

Mzunguko huu una uhusiano wa moja kwa moja na maneno yanayoimbwa. Kwa kawaida mwimbaji husema mstari mmoja, huurudia, kisha huufunga kwa mstari wa tatu wenye vina sawa na ule wa kwanza. Kila mstari hupewa vipimo vinne, lakini maneno hujaza takriban viwili tu, na viwili vinavyobaki ni vya chombo kumjibu mwimbaji. Sisi tunaoijua nafasi ya kiongozi na waitikiaji katika nyimbo zetu hatuhitaji maelezo marefu: piano ndiyo kiitikio. Kwa hiyo kabla ya kugusa kibonye, tembea chumbani ukihesabu mapigo na kuimba noti ya msingi ya kila kodi kwa solfa, yaani d, f na s, mzunguko baada ya mzunguko, hadi uweze kuzungumza na mtu mlangoni na ukirudi ujue uko kipimo cha ngapi.

Mkono wa kushoto

Anza na mdundo wa shafuli. Kila pigo ligawanye katika sehemu tatu zilizo sawa, upige ya kwanza na ya tatu, uiache ya katikati. Sauti itakuwa ndefu na fupi, ndefu na fupi. Mtu wa pwani aliyekua akisikia chakacha ana faida kubwa, kwa sababu pigo lililogawanywa kwa tatu tayari limo mwilini mwake. Tatizo la kawaida ni kugawa pigo nusu kwa nusu, au kuikaza noti fupi mno hadi mdundo ukawa kama gwaride la askari.

Sasa weka kidole cha mwisho kwenye C ya chini, na kidole cha shahada kwenye G iliyo juu yake. Piga C na G pamoja mara mbili katika pigo la kwanza, ndefu na fupi. Katika pigo la pili, kidole cha mwisho kibaki kwenye C, kidole gumba kipige A, nayo mara mbili. Pigo la tatu ni kama la kwanza, la nne ni kama la pili. Kwenye F7 utapiga F na C, kisha F na D. Kwenye G7 utapiga G na D, kisha G na E. Hayo ndiyo yote. Ni mepesi kuyaeleza, ila kuyapiga kwa dakika kumi bila kukaza kiganja na bila kubadilisha mwendo ni kazi halisi, na hapa ndipo ninapomsihi mwanafunzi asiharakishe. Kiganja kiwe laini, nguvu itoke kwenye uzito wa mkono, na mapigo ya pili na ya nne yasikike kidogo zaidi ya mengine.

Metronomu, chombo kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, itumike tangu siku ya kwanza. Anza kwa mapigo 60 kwa dakika, moja kwa kila pigo. Ukitulia, ishushe hadi 40, kisha uichukue sauti yake kuwa ni pigo la pili na la nne, ili wewe mwenyewe ubebe la kwanza na la tatu; hapo utakuwa unapiga kwa mwendo wa 80. Mwanzoni utapotea kila mara. Rudi kuhesabu kwa sauti, umuache kiongozi wa mapigo awe mdomo wako, mkono ufuate.

Mdundo wa pili wa kujifunza ni besi inayotembea. Katika C7, piga noti moja kwa kila pigo: C, E, G, A, kisha B-flati, A, G, E, na hivyo vipimo viwili vimejaa. Kwenye F7 utakuwa F, A, C, D, E-flati, D, C, A. Katika kipimo cha tisa na cha kumi, ambako kodi hukaa kipimo kimoja kimoja, tumia nusu ya kwanza tu: G, B, D, E, kisha F, A, C, D. Noti hizo hizo ukizipiga kila moja mara mbili, kwanza ya chini kwa kidole cha mwisho, kisha ya oktavu yake ya juu, yaani noti ya jina lile lile inayofuata juu, kwa kidole gumba, umeingia katika bugi-wugi. Jina hilo lilienea kupitia rekodi ambayo mpiga piano Clarence "Pine Top" Smith aliifanya Chicago Desemba 1928, na miaka kumi baadaye, Desemba 1938, wapiga piano Albert Ammons, Meade "Lux" Lewis na Pete Johnson waliupandisha mtindo huo jukwaani katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Oktavu hizi huchosha misuli ya mkono. Ukisikia maumivu kwenye kifundo au kwenye mkono chini ya kiwiko, acha siku hiyo. Misuli inayouma haijifunzi chochote isipokuwa kujikaza.

Wanaodhani kwamba bugi-wugi ni mashindano ya kasi wamsikilize Jimmy Yancey wa Chicago, ambaye kwa miaka mingi aliishi kwa kazi ya kutunza uwanja wa timu ya besiboli ya White Sox, na aliyepiga kwa upole ambao bado haujapata mfano. Mkono wake wa kushoto huacha mapengo, nayo mapengo hayo yana uzito sawa na noti. Alikuwa pia na desturi ya kumaliza vipande vyake kwa E-flati, hata kama kipande kizima kilikuwa katika ufunguo mwingine. Kwa mwanafunzi, Yancey ni mwalimu bora kuliko wenye kasi, kwa sababu kila anachokifanya kinasikika, na mtu anaweza kukifuata noti kwa noti.

Mkono wa kulia

Usianze na skeli hata sasa. Anza na noti mbili tu, E na B-flati, zilizo juu ya C ya katikati ya kinanda. Hizo ndizo tatu na saba ya C7, yaani noti yake ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka C, na mkono wa kushoto ukiwa unapiga msingi, noti hizo mbili zinatosha kuitangaza kodi nzima. Kodi ikihamia F7, shusha kila kidole nusu toni: E inakuwa E-flati, B-flati inakuwa A, nazo sasa ni saba na tatu ya F7. Kodi ikienda G7, kutoka mahali pale pale pa C7 pandisha kila kidole nusu toni, upate F na B. Mzunguko mzima wa bluzi umo katika mwendo huo mdogo wa vidole viwili. Uupige kwa vipigo vifupi kwenye pigo la pili na la nne, juu ya shafuli ya mkono wa kushoto, mpaka mikono yote miwili ikae pamoja bila kugombana.

Kinachofuata ndicho kinachoipa piano sauti ya bluzi hasa. Mwimbaji wa bluzi huivuta sauti yake kati ya tatu ndogo na tatu kubwa, ambazo katika C ni E-flati na E, na mpiga gitaa hufanya hivyo kwa kuuvuta uzi au kwa kuteleza juu yake. Piano haiwezi, kila kibonye kina sauti moja iliyofungwa. Wapigaji wakatafuta njia ya kulidanganya sikio, nayo ni kuzigonga noti mbili jirani karibu kwa wakati mmoja, ndogo ikitangulia kwa kiasi cha kupepesa jicho na kumezwa na kubwa.

Fanya hivi katika C. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiangukie E-flati, karibu na ukingo wa kibonye cheusi, na bila kukiinua, kiache kiteleze hadi kwenye E nyeupe iliyo kando yake. Wakati ule ule kidole kinapofika E, kidole cha nne kipige G. E na G ndizo zinazotua juu ya pigo; E-flati haina pigo lake, imetangulia tu. Ukiisikia E-flati kama noti kamili, umeirefusha. Ukiwa husikii tofauti yoyote, kidole kimepita juu ya ukingo bila kukibonyeza kibonye cheusi hadi chini. Rudia kwa mkono wa kulia peke yake, pole sana, kisha uweke tendo hilo kwenye pigo la kwanza la kipimo cha tatu tu, mzunguko baada ya mzunguko, ili ujifunze kulitia mahali ulipokusudia.

Kuteleza huku kunawezekana tu pale ambapo tatu ndogo ni kibonye cheusi na tatu kubwa ni cheupe. Angalia funguo: katika C ni E-flati kwenda E, katika F ni A-flati kwenda A, katika G ni B-flati kwenda B, katika B-flati ni D-flati kwenda D, katika E-flati ni G-flati kwenda G. Zote zinakubali. Katika E na A, funguo ambazo wapiga gitaa wanazipenda, tatu kubwa ni kibonye cheusi, na kidole kimoja hakiwezi kupanda kutoka cheupe kwenda cheusi kwa kuteleza. Huko utatumia vidole viwili, kimoja kikitangulia. Kwa hiyo nashauri mwaka wa kwanza utumike kwenye zile funguo tano, ukianza na C, kisha G na F.

Sasa skeli ina mahali pa kukaa. Katika C, noti zake ni C, E-flati, F, F-shapu (F iliyopandishwa nusu toni), G na B-flati. Msomaji wa solfa ataziimba d, ma, f, fe, s, ta. Vitabu vingi husema kwamba skeli hii inafaa juu ya kodi zote tatu, na ni kweli, lakini kauli hiyo haimsaidii mwanafunzi kuchagua. Ni vizuri ajue kwamba E-flati juu ya C7 inakwaruzana na E ya kodi, na mkwaruzo huo ndio utamu wenyewe, ilhali juu ya F7 E-flati ni noti ya kodi na inatulia kabisa. Kinyume chake, E nyeupe inayopendeza juu ya C7 huharibu F7. Ukiweza kuhama kutoka E kwenda E-flati hasa pale kipimo cha tano kinapoingia, msikilizaji atasikia kodi ikibadilika hata kama mkono wako wa kushoto umenyamaza.

Jiwekee mpaka: kwa wiki nzima tumia noti tatu tu za skeli, kwa mfano G, B-flati na C, na upige katika vipimo vya tatu na vya nne, vya saba na vya nane, vya kumi na moja na vya kumi na mbili, mahali ambapo mwimbaji angekuwa amenyamaza. Katika vipimo vingine imba, hata kwa mdomo uliofungwa. Zoezi hili hufundisha kunyamaza, jambo ambalo skeli haifundishi.

Tremolo, ule mtetemo wa noti zinazopishana haraka, itokane na mkono kuzunguka kama unavyozungusha kitasa cha mlango. Vidole vikijaribu kuifanya kazi hiyo peke yake vitachoka ndani ya vipimo viwili. Kidole gumba kiwe kwenye E, cha tatu kwenye G, cha tano kwenye B-flati. Gumba lipishane na wale wawili.

Vipimo viwili vya mwisho vina pambo lake la kurudisha wimbo mwanzoni. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kishike C ya juu, na chini yake vidole vingine vishuke nusu toni kwa nusu toni: B-flati katika pigo la pili la kipimo cha kumi na moja, A katika la tatu, A-flati katika la nne, na G mwanzoni mwa kipimo cha kumi na mbili, C ikigongwa tena pamoja na kila moja. Kisha piga G7 na uanze upya. Ukitaka kumaliza wimbo, badala ya G7 tua kwenye C7.

Kusikiliza na kupiga na wengine

Kila mazoezi yawe na sehemu ya kusikiliza, angalau theluthi ya muda. Chagua rekodi moja, uipunguze mwendo hadi nusu kwa programu ya simu, na utafute kwanza besi, kisha kodi, kisha jibu moja tu la mkono wa kulia. Mpiga piano Leroy Carr, aliyerekodi na mpiga gitaa Scrapper Blackwell kuanzia 1928, ni mwepesi kufuatika. Tahadhari tu kwamba baadhi ya nyimbo zake zina mzunguko wa vipimo 8. Mpiga piano Big Maceo Merriweather atakuonyesha uzito wa mkono wa kushoto. Professor Longhair, mpiga piano wa New Orleans, alitia midundo ya Karibiani ndani ya bluzi, na aliyezoea rumba ya Kongo atautambua ukoo, kwa kuwa pande zote mbili zilichota kwenye muziki wa Kuba. Jirekodi pia wewe mwenyewe kila mwisho wa wiki, kwa simu iliyowekwa mbali kidogo na kinanda.

Mapema iwezekanavyo, tafuta mwimbaji au mpiga gitaa. Wa gitaa atataka E au A, na mtakubaliana. Mkiwa wawili, mkono wako wa kushoto ubaki kama ulivyofunzwa. Akiingia mpiga besi, mambo yanabadilika: shafuli yako ya chini itagongana na noti zake na sauti yote itakuwa na matope. Hapo uinue mkono wa kushoto hadi katikati ya kinanda, uupe zile noti mbili za tatu na saba, na mkono wa kulia upande juu kumjibu mwimbaji. Msikilize mpiga piano Otis Spann, aliyepiga na bendi ya mwimbaji Muddy Waters huko Chicago kwa zaidi ya miaka kumi. Muddy anapoimba, piano ya Spann iko chini ya sauti ikisukuma. Mstari unapokwisha, inapanda juu kwa tremolo au kwa mfululizo mfupi wa noti, na kabla mstari unaofuata haujaanza imekwisha kuondoka njiani.